Kyaliwajjala ni Kampala au ni Wakiso?

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Arua, na huu ni mwaka wa sita naishi Kyaliwajjala. Nikipiga simu nyumbani nasema niko Kampala. Mume wangu kazi yake iko Kampala, sokoni naenda Kampala, hospitali Kampala. Juzi mwanangu wa darasa la nne aliulizwa katika mtihani anaishi wilaya gani, akaandika Kampala, akakosa alama. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu akaniambia Wakiso ni wilaya inayojitegemea na Kampala ni jirani tu. Mimi siku zote nilijua Wakiso ni kitongoji cha Kampala. Nani ana haki?"

Jibu:

Mama, mwalimu ana haki, na wewe una haki. Maswali yalikuwa mawili, kila mmoja wenu akajibu lake.

Somo la jamii la darasa la nne hapa Uganda mwaka mzima linazungumzia wilaya yetu: makao yake makuu yako wapi, inapakana na nani, nani anaiongoza. Kwa hesabu hiyo Kyaliwajjala haina utata hata kidogo. Iko Divisheni ya Namugongo, Manispaa ya Kira, Wilaya ya Wakiso. Tafuta barua yoyote uliyowahi kuandikiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ile ya kupeleka benki au ya kuombea mtoto shule, utazame muhuri chini. Mara nyingi umepigwa upande, wino umejaa hapa na kufifia pale, lakini ukiizungusha karatasi utasoma Kira na utasoma Wakiso. Kampala humo haimo. Mtoto ilimpasa aandike Wakiso.

Ila wewe umeuliza jambo kubwa kuliko la mtihani, na nataka tulishike polepole, maana miaka yote niliyofanya kazi ya mipango ya miji nimeona watu wakiumia kwa kutolielewa.

Tuanze na neno. Kitongoji ni makazi madogo, na kwa majirani zetu Watanzania ni ngazi ya utawala iliyo chini ya kijiji, ina mwenyekiti wake. Wilaya haiwezi kuwa kitongoji cha mtu. Neno unalolitafuta ni kiunga. Watu wa pwani waliita kiunga lile shamba la minazi na miembe lililo nje kidogo ya mji, mwenyewe akiishi mjini na kwenda kulitazama. Baadaye watu wakajenga humo, miti ikapungua, nyumba zikazidi, jina likabaki. Kwa hiyo kiunga kina sifa moja ambayo haimo kwenye ramani wala kwenye sheria: kinautazama mji. Riziki yake inatoka huko, na jioni watu wake wanarudi kulala.

Kwa kipimo hicho Kyaliwajjala ni kiunga cha Kampala bila ubishi. Simama pale stendi saa kumi na mbili asubuhi. Teksi zinajaa kuelekea upande mmoja, boda boda zinakimbilia upande huo huo, na konda anaita "Kampala! Kampala!" huku akigonga bati la gari kwa kiganja. Msikilize vizuri huyo konda. Mtu wa Ntinda, ambaye kisheria yuko ndani kabisa ya jiji, naye asubuhi anasema anakwenda Kampala. Midomoni mwetu Kampala ni pale katikati, penye paki za teksi na maduka ya jumla. Kwingine kote, ndani ya mpaka au nje, ni mahali pa kulala na kuamkia. Kwa hiyo ukimwambia dada yako wa Arua kwamba uko Kampala, hujamdanganya.

Mpaka wenyewe nimeutembea kwa miguu mara nyingi, ramani mkononi. Ukitoka Banda kwenda Kireka kwa Barabara ya Jinja, unatoka Kampala na kuingia Wakiso, na ukitazama majengo hujui umevuka saa ngapi. Maduka yameshikana ukuta kwa ukuta. Nguzo za umeme zinafuatana. Mchoma rolex wa upande huu anakoroga mayai mawili na kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, anamimina kwenye kikaango, anatandika chapati juu, anakunja. Na wa upande ule anafanya hivyo hivyo kwa bei ile ile. Tofauti yao iko kwenye risiti ya ushuru. Mmoja analipa KCCA, yaani mamlaka ya Jiji la Kampala, mwenzake analipa Manispaa ya Kira.

Majina nayo yanatuchanganya. Uwanja wa Mandela pale Namboole uko Bweyogerere, katika manispaa yenu ya Kira, lakini mwaka 2025 mechi za CHAN zilipochezwa hapo watangazaji wa Afrika Mashariki nzima walisema "tunawaletea kutoka Kampala". Eneo la viwanda la Namanve, lililokalia Wakiso na Mukono, limesajiliwa kwa jina la Kampala. Kuna Divisheni ya Makindye iliyo ndani ya jiji, na kuna Manispaa ya Makindye-Ssabagabo iliyo Wakiso, zinapakana, na nimewaona watu wazima wenye elimu zao wakipeleka karatasi za nyumba ya Bunamwaya kwenye ofisi za Makindye ya jiji na kurudishwa mlangoni. Kwa hiyo mtoto wako asionewe aibu.

Sasa tuje Wakiso yenyewe, maana hapa ndipo nisipokubaliana na wewe. Kyaliwajjala ni kiunga, Najjeera ni kiunga, Kireka, Nansana, Zana, Kyengera, vyote viunga. Wakiso si kiunga. Wilaya hiyo ina eneo la nchi kavu kama mara kumi ya Kampala. Jiji lina kilomita za mraba 189 tu, na Wakiso imelizunguka pande zote isipokuwa lile linaloangalia ziwa. Panda gari kwa Barabara ya Hoima, pita Nansana, pita Wakiso mjini, pita Kakiri penye kambi ya jeshi, ufike Namayumba. Utakuta kahawa, migomba, mihogo, watu wanaoishi kwa jembe. Au nenda Visiwa vya Bussi, ndani ya Ziwa Victoria, ambako huendi ila kwa chombo cha majini. Mvuvi wa Bussi naye ni mtu wa Wakiso. Ukimwambia anaishi kiungani mwa Kampala atakuuliza kiunga gani hicho kinachofikiwa kwa mtumbwi.

Na Entebbe je? Nayo imo Wakiso. Wakoloni walikuwa na makao makuu yao pale hadi uhuru wa 1962, na Ikulu iko pale mpaka leo. Barabara ya kasi ya kutoka Kampala, iliyofunguliwa 2018, imeisogeza karibu sana, na wengi sasa wanalala Entebbe na kufanya kazi jijini. Lakini mji uliowahi kutawala nchi nzima wakati Kampala ni mji wa biashara tu, siwezi kuuita kiunga kwa sababu ya lami mpya.

Halafu kuna hesabu ya watu. Sensa ya 2002 Kampala ilikuwa na watu 1,189,142, na Wakiso 907,988. Miaka kumi na miwili baadaye, 2014, Kampala ilifika milioni moja na nusu na Wakiso ikakaribia milioni mbili. Sensa ya 2024 ikatukuta na Kampala yenye karibu milioni 1.8 na Wakiso yenye zaidi ya milioni 3.4. Hebu tulia juu ya namba hizo kidogo. Wilaya tunayoiita ya pembeni ndiyo yenye watu wengi kuliko zote Uganda, na imekaribia kuwa na watu mara mbili ya jiji lenyewe. Kampala imejaa, kodi za nyumba zimepanda, na kila kijana anayepata kazi Nakasero anatafuta chumba ng'ambo ya mpaka. Wewe na mume wako mmo ndani ya hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wa mjini hawalijui, nami hulipenda kuliko yote. Umesema siku zote ulijua Wakiso ni ya Kampala; basi tuitazame kwa hesabu ya kaunti. Kwa Baganda, watu wa ufalme wa Buganda, kaunti ni ssaza, na Wilaya ya Wakiso kimila ni masaza mawili: Busiro na Kyadondo. Ukitafuta Kampala imekaa ssaza gani, utaikuta Kyadondo. Jiji limo ndani ya kaunti. Mkuu wa ssaza hilo anaitwa Kaggo, na makao yake yako Kasangati, kwenye Barabara ya Gayaza, huko huko Wakiso. Chukua hati ya ardhi ya mailo (milki ya kudumu ya mtu binafsi) ya Muyenga, penye nyumba za matajiri ndani ya jiji, uiweke kando ya hati ya mailo ya Kyaliwajjala. Zote mbili mstari wa juu umeandikwa Kyadondo, kisha namba ya bloku, kisha namba ya ploti. Katika daftari la ardhi hakuna anayemzunguka mwenzake.

Wilaya ya Wakiso kama ofisi ni changa. Ilikatwa kutoka Mpigi mwaka 2000. Nchi yake ni ya kale, na kabla Lugard, yule nahodha Mwingereza, hajapiga kambi kilimani mwaka 1890, Kyadondo ilikuwapo na watu wake na wakuu wake.

Mpaka wa jiji nao si amri ya Mungu. Hadi miaka ya sitini, Mengo, mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, ulikuwa manispaa yake, mbali na Kampala ya Wazungu na Wahindi. Kawempe ilikuwa mji mdogo wa nje. Nakawa vilevile. Mwaka 1968 serikali ikausukuma mpaka na kuvimeza vyote hivyo, pamoja na Muyenga na Ggaba. Mzee aliyezaliwa Kawempe mwaka 1950 alikulia nje ya Kampala na anazeekea ndani yake, na hakuhama hata chumba. Kwa hiyo anayekuambia Kireka haiwezi kamwe kuwa Kampala, mwambie na Nakawa watu walisema hivyo.

Wewe mtu wa Arua umeyaona haya kwa macho yako. Kabla ya Julai 2020 mlikuwa na manispaa ndogo, na kaunti ya Ayivu ikiizunguka kama gamba. Arua ilipopewa hadhi ya jiji, Ayivu nzima iliingizwa ndani na kuwa divisheni. Leo mkulima wa Adumi, mwenye mihogo na mbuzi wake, ni mkazi wa jiji kwenye karatasi, na maisha yake ni ya kijijini vilevile. Wewe Kyaliwajjala maisha yako ni ya jiji tangu asubuhi mpaka usiku, na kwenye karatasi ni mtu wa wilaya. Jiweke wewe na huyo mkulima mbele ya macho, utaona kwamba sheria na maisha vinatembea njia mbili tofauti, na hakuna inayofuta nyingine.

Kwa nini basi Kampala haikufanyiwa kama Arua? Kwa sababu ya ardhi. Wakiso imejaa mailo, zile milki zilizotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, na juu ya mailo kuna wenye bibanja, yaani watu wanaokaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye mailo, na juu ya wote kuna Mengo, serikali ya Kabaka, inayoitazama nchi ya Buganda kwa wivu, na haki yake. Katiba inasema Kampala iko Buganda, ni mji mkuu, na inaendeshwa na serikali kuu. Maana yake kila hatua ambayo mpaka wa jiji unasogea, kipande cha Buganda kinahamia mikononi mwa serikali kuu. Mengo walikataa, kwa sauti kubwa, na sheria ya KCCA ya 2010 ikatoka na mpaka wa jiji ule ule wa zamani. Mimi si wa kuwalaumu. Aliyewahi kuona mzee wa kibanja akiletewa karatasi ya kuhama kwa jina la maendeleo anaelewa hofu inatoka wapi.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, ilikiri ukweli kwa mlango wa nyuma. Iliweka mamlaka ya kupanga eneo zima la Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi kwa pamoja, na leo serikali ina wizara ya Kampala na maeneo yake ya kandokando. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha zaidi ya dola milioni 500 za barabara, mifereji na masoko, zigawiwe serikali za mitaa tisa: KCCA, wilaya tatu, na manispaa tano ikiwemo Kira yenu. Maji ya Kampala sehemu kubwa yanasafishwa Ggaba, lakini siku hizi yanatoka pia Katosi, wilaya ya Mukono, zaidi ya mwendo wa saa moja. Ukifungua bomba, Mukono inatiririka. Kwa mpanga miji jibu limekwisha: mji ni mmoja, wenye ofisi tisa.

Na ofisi tisa zina gharama. Takataka za Kampala tangu 1996 zilikuwa zikipelekwa Kiteezi. Kiteezi iko Wakiso, upande wa Kasangati. Lori lilibeba maganda ya matooke ya Nakasero na Kalerwe, likavuka mpaka, likamwaga. Miaka ikapita, nyumba zikasogea karibu na jalala, jalala likapanda likawa kilima. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, kilima kile kiliporomoka juu ya nyumba. Waliokufa hawakupungua 35, watoto wakiwemo. Nilikwenda siku chache baadaye. Kulikuwa na tingatinga zikichimba, na mwanamke mmoja ameketi pembeni ameshika kandambili moja ya mtoto, haongei. Uchafu ulikuwa wa jiji, maiti zilikuwa za wilaya. Ndiyo sababu sipendi Wakiso iitwe kiunga kirahisi rahisi. Kiunga ni mahali ambapo mwenye mji anatupa asichokitaka, akajua mwenye kiunga hana kura mjini.

Na kura huna, mama. Hilo ulijue. Unatembea barabara za KCCA siku sita kwa wiki, lakini Lodi Meya wa Kampala hapigiwi kura na mtu wa Kyaliwajjala, hata akiishi mita mia kutoka mpakani. Kura yako ni ya meya wa Kira na mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya) wa Wakiso. Mtaro wa mbele ya nyumba yako ukiziba, kwenda kulia KCCA ni kupoteza nauli. Nenda divisheni ya Namugongo, nenda manispaa.

Mkitaka kujenga, ramani ya nyumba inaidhinishwa Kira. Mkitaka kununua kiwanja, usikubali tangazo linalosema "Kampala, dakika ishirini kutoka mjini". Uliza hati imesajiliwa ofisi gani. Ardhi ya upande wenu inapekuliwa katika ofisi ya ardhi ya Wakiso, iliyo Wakiso mjini kwenye Barabara ya Hoima, na ya ndani ya jiji inapekuliwa katika ofisi ya Kampala. Nilimjua fundi mmoja aliyelipa pesa za kiwanja cha Kira baada ya "kupekua" Kampala kwa siku mbili na kuambiwa na dalali kwamba hakuna kesi wala zuio. Ni kweli zuio halikuonekana, kwa sababu alitafuta mahali ambapo hati ile haikuwepo. Pesa hazikurudi. Na kama ni kibanja juu ya mailo ya mtu, upekuzi peke yake hautoshi: muone mwenye ardhi mwenyewe uso kwa uso, muone na mwenyekiti wa LC1, na majirani wa mipakani wawepo siku ya kutia sahihi.

Mtoto naye mwambie hivi: akiulizwa wilaya, ni Wakiso. Akiulizwa manispaa, ni Kira. Akiulizwa kaunti, ni Kyadondo, na hapo anaweza kumwambia mwalimu kwamba Kampala nayo iko humo. Na bibi yake wa Arua akiuliza kwenye simu "mko wapi?", ajibu kama ulivyomzoesha.